Punguza maji nyumbani: choo, birika na uani (Lamu)

Asalaam aleikum ndugu zangu, leo naanzia msalani manake maji mengi ya nyumba huishia humu, na sisi wa Lamu twajua maji yetu yatoka wapi, ni visima vya kijiji cha Shela, mvua yaingia kwenye yale matuta ya mchanga alafu maji tamu yakaa chini yakielea juu ya maji ya chumvi. Yakivutwa kupita kiasi chumvi yapanda. Kwa hivyo nikisema tupunguze sisemi habari ya bili peke yake.

Kwanza pima. Siku moja nzima funga mifereji, yaani bomba zote za maji, tumia mitungi ya lita 20, na kila ukimaliza mmoja piga alama ya mkaa ukutani. Mimi hapo ndo nilijua choo chanywa kushinda jiko.

Haya fungua tangi la choo, hivi. Chukua chupa ya lita moja na nusu, tia mchanga kidogo isielee, jaza maji, ziba, iweke pembeni isiguse boya. Kila ukiflashi umebakisha lita moja na nusu, nyumba ya watu 6 kila mtu akiflashi mara 4 ni lita 36 kwa siku, karibu mitungi miwili! Usitie tofali, lamomonyoka na zile chembe zinaharibu raba ya chini. Na ukiwa hapo hapo tia rangi ya biriani kwenye tangi, ngoja robo saa bila kuflashi, ukiona rangi imeshuka kwenye bakuli basi raba yavuja, badilisha leo usingoje kesho, manake huo uvujaji hauna kelele na maji yaenda usiku kucha.

Sasa kuoga. Birika hili hapa, yaani tangi la maji ya kuogea lililojengwa msalani, ni la chokaa, wazee walikuwa wakiweka na visamaki ndani vipate kula viluwiluwi vya mbu, wakateka kwa kata, na mimi naona hawakukosea. Shawa nyingi hutoa kama lita 10 kwa dakika, dakika tano 50 zimekwenda, na kwa kata ndoo moja yakutosha na kichwa ukaosha. Huna birika? Ndoo na kopo. Na udhu jamani, tusitawadhe mfereji uko wazi, Bwana Mtume (s.a.w.) akitawadha kwa mudi moja, haifiki hata lita, mimi najaza buli dogo na lanitosha.

Jikoni beseni mbili tu, moja ya povu moja ya kusuuza. Maji ya kuoshea mchele na mboga usimwage, twayapeleka uani.

Uani nitakaa kidogo manake hapa ndo watu wengi wapoteza. Mchanga wetu haushiki maji, wamwaga ndoo nzima shinani kwa mwasumini, yashateremka mizizi haijanywa. Fanya hivi: loweka makumbi ya nazi usiku kucha, chimba shimo, yapange chini, upande wa nyuzi utazame juu, ndo ushike maji kama sponji. Juu tia mchanga uliochanganya na mbolea ya punda, lakini iliyokaa ikaoza sawasawa, mbichi yaunguza mizizi. Panda, alafu funika kwa majani makavu au makuti ya zamani, acha nafasi kidogo shina lipumue. Maji ni alfajiri au baada ya alasiri, jua la adhuhuri layanyonya bure. Mwasumini huu nilikuwa naumwagia kila siku, sa hii mara mbili kwa wiki na maua hayo mwayaona.

Maji ya kisima chenye chumvi usiyalete kwenye miti, hayo pigia deki na uflashi choo. Yenye dawa ya kung'arisha nguo pia chooni.

La mwisho ni mvua. Mvua ya milimita moja kwenye mita moja ya mraba ni lita moja, kwa hivyo paa la mabati la mita 20 za mraba likipata milimita 10 ni lita 200, pipa zima! Maji ya mwanzo yaache yaende, yana kinyesi cha ndege na vumbi, alafu ndo usogeze pipa. Na mdomo wake ufunike kwa kipande cha chandarua ukikaze na mpira, mbu wasitage. Langu nalifunga sa hii, mawingu yale upande wa Manda yaja.