Mkate Unaodai Saa Zake

REHEMA: Karibuni tena, wapenzi wasikilizaji. Leo nimeingia studio na kopo la kioo. Kaka Idi, hebu fungua kifuniko unuse.

IDI: Mmh! Kama maziwa yaliyoganda, halafu kwa mbali kuna siki. Na hivi vitundu vya povu vimejaa kote pembeni. Hii ndiyo chachu yenyewe?

REHEMA: Ndiyo hiyo, ya kuumulia mkate. Unga na maji tu vilivyoachwa vichachuke, hamira ya dukani sikutia hata punje. Unga wa ngano una hamira yake ya asili, na una bakteria wa jamii ile inayogandisha maziwa. Hamira inatoa gesi, unga unaumuka. Bakteria wanatoa asidi, unapata huo ukali unaounusa.

IDI: Lakini dada, haya ni mambo ya kale. Misri ya kale walikuwa wakila mkate ulioumuka maelfu ya miaka kabla ya yeyote kujua kwamba hamira ni kiumbe hai. Imekuwaje leo watu wanaushangilia upya?

REHEMA: Kwa maoni yangu, tulipokonywa saa, sasa tunazidai. Mkate wa chachu unataka nusu siku, mara nyingi siku nzima. Kiwanda hakina subira hiyo. Mwaka 1961, huko Chorleywood, Uingereza, watafiti walibuni namna ya kukanda unga kwa mashine za kasi sana, hamira ikiongezwa, na mkate ukawa tayari kwa muda usiofika saa nne. Ukawa laini na rahisi, ukaenea nchi nyingi. Ladha ndiyo iliyobaki nyuma, kwa sababu ladha hutengenezwa na zile saa zilizokatwa.

IDI: Kisha ukaja mwaka 2020. Watu wanatakiwa kukaa ndani, na nchi nyingi hamira imeadimika madukani.

REHEMA: Unga upo, hamira hakuna, saa zimejaa tele! Na mimi nilianzia hapo hapo. Nilichanganya gramu 50 za unga na 50 za maji. Siku ya pili lilitoka povu hadi mdomoni mwa kopo, nikafurahi sana. Siku ya nne kimya. Hakuna hata kitundu, na harufu mbaya. Nikamwaga yote.

IDI: Ilikuwa imekufa?

REHEMA: Wala! Hilo limeniuma mpaka leo, ndiyo maana nalisema hapa kwa wanaoanza. Povu la mwanzo si la hamira. Ni bakteria wengine wanaotangulia, na asidi ikizidi wanakwisha. Hapo katikati kopo linanyamaza. Hamira inakuja kuchangamka baadaye, mara nyingi baada ya wiki moja au mbili. Kwa hiyo siku ya nne usimwage. Toa sehemu yake, ongeza unga na maji mapya, huko ndiko kuilisha, na uendelee hivyo kila siku.

IDI: Na utajuaje kwamba sasa iko tayari?

REHEMA: Zungushia mpira kwenye kopo pale ilipofikia baada ya kuilisha. Ikipanda mara mbili ndani ya saa nne hadi nane, tena siku kadhaa mfululizo, basi kanda unga wako.

IDI: Wengi wanasema ni mkate wa afya.

REHEMA: Hapo twende taratibu. Ile asidi inasaidia kuvunja fitati, kitu kinachoshikilia madini kama chuma na zinki, kwa hiyo mwili unayapata kwa urahisi zaidi. Hilo ni kweli. Lakini mwenye siliaki, ule ugonjwa ambao gluteni, protini ya ngano, inaumiza utumbo, asiuguse. Gluteni bado imo.

IDI: Na hii mikate ya madukani iliyoandikwa kuwa ni ya chachu?

REHEMA: Soma viambato. Mingine imetiwa chachu iliyokaushwa kwa ajili ya ladha tu, na kinachoumua ni hamira ya kawaida. Mimi mwokaji namuuliza swali moja: huu umekaa saa ngapi? Aliyeulea usiku kucha atakujibu papo hapo, na atataka kukueleza zaidi. Nawapenda sana watu hao. Kule Saint-Vith, Ubelgiji, tangu 2013 kuna maktaba ya chachu, zaidi ya 100 kutoka nchi mbalimbali zimewekwa kwenye majokofu na zinalishwa kwa zamu.

IDI: Maktaba ya vitu vilivyo hai! Dada, sasa naomba na mimi unimegee.

REHEMA: Lete kikombe. Vijiko viwili vinakutosha. Ukifika nyumbani ilishe leo leo, na kifuniko kiegeshe tu, usikikaze. Gesi ikikosa pa kutokea, kioo kitapasuka.