Ndala Angani

JUMA: Tumerudi. Zuhura, kabla hujawasalimia wasikilizaji, inua mguu tuone.

ZUHURA: Juma, usianze.

JUMA: Niliahidi nitanyamaza. Nimeshindwa.

ZUHURA: Haya, nisemeni. Shuleni kwa binti yangu wana onyesho la baleti. Nikajitia kimbelembele: pazia la nyuma niachieni. Nikachora bahari na anga kwenye karatasi ya daftari, nikampelekea fundi wa mabango. Tukatandaza merikani bwaloni, mita 6 kwa 4, pembeni tukakandamiza kwa matofali. Fundi akaigawa karatasi yangu miraba kwa penseli, na kitambaa vilevile, akawa anahamisha mraba kwa mraba. Usiku nikaona wingu moja halijakaa sawa. Nikaingia kulirekebisha.

JUMA: Na rangi mbichi.

ZUHURA: Mbichi kabisa. Asubuhi tunatundika, ndala namba 39 iko katikati ya anga.

JUMA: Malaika kapita anakwenda sokoni.

ZUHURA: Cheka. Ila nilichotaka kusema leo ni kwamba mapazia ya baleti yalichorwa chini hivyohivyo. Vladimir Polunin, Mrusi aliyemchorea Diaghilev, mwenye kundi la baleti, mapazia London, alilaza kitambaa sakafuni, anatembea juu yake na brashi za mpini mrefu. Waingereza wao walizoea kukisimamisha kwenye fremu.

JUMA: Alivaa ndala?

ZUHURA: Juma! Ipo picha ya 1917, mchoraji Picasso kakaa juu ya pazia la baleti ya *Parade* na wasaidizi wake. Wamekaa juu yake kama mkekani.

JUMA: Basi tumefika nilipotaka. Kadi za onyesho zimeandika nani kachora pazia?

ZUHURA: ...Mimi.

JUMA: Na fundi?

ZUHURA: Shule ndiyo iliyochapisha, si mimi. Lakini wazo ni langu, bahari yangu, rangi nimechagua mimi.

JUMA: Kaka wa watu kapiga magoti siku mbili! Chukua baleti ya *Le Train Bleu*, 1924. Picasso alikuwa na kipicha kwenye plaiwudi, wanawake wawili wanakimbia ufukweni, upana wake sentimita 40 na kidogo. Aliyekikuza kikawa pazia la zaidi ya mita 10 ni Alexander Schervashidze. Umewahi kusikia mtu anasema "pazia la Schervashidze"?

ZUHURA: Na Picasso alipoliona alifurahi, akatia saini yake juu yake, akamtunukia Diaghilev.

JUMA: Ndicho ninachokisema! Anatia saini jasho la mwenzake.

ZUHURA: Anatia saini kwa sababu ni mkono wake. Wale wanawake, yale mapaja kama magogo, Schervashidze asingeyawaza. Fundi cherehani akishona gauni, mshono ni wa nani?

JUMA: Wa fundi cherehani.

ZUHURA: Aa, wapi!

JUMA: Zuhura, kukuza si kurudufu. Ile rangi ya mapazia, inayochanganywa na gundi, ikikauka inapauka. Unachanganya samawati ukijua kesho itakuwa samawati nyingine. Nani alijua hilo, wewe au fundi?

ZUHURA: Fundi.

JUMA: Eeh.

ZUHURA: Usiniitikie "eeh." Kujua kuchanganya rangi ni ufundi, nauheshimu, nimemlipa. Picha ni kitu kingine.

JUMA: Umemlipa, jina umechukua.

ZUHURA: Hapo hatutaelewana.

JUMA: Hatuelewani.

ZUHURA: Na mimi sibadiliki.

JUMA: Sijakuomba.

(Kimya kidogo.)

ZUHURA: Niliandika mambo matatu kwa wazazi wanaotaka kutengeneza pazia la jukwaa. La kwanza, msilikunje, lizungushieni kwenye bomba...

JUMA: Dakika mbili zimebaki.

ZUHURA: Basi hilo moja. Mengine yamekwenda na ndala yako.

JUMA: Yangu? Tena nimefikiria. Kwenye pazia lote lile, kitu pekee ulichokiweka kwa mwili wako mwenyewe ni ile ndala.

ZUHURA: Zima kinasa sauti.

JUMA: Ndiyo saini yako, dada. Mguu gani?

ZUHURA: Wa kushoto. Zima.