Toyama: Mlima Unaoilisha Bahari

Ndugu zangu, asanteni kwa kunikaribisha. Japani wengi tunaijua kwa Tokyo na Kyoto. Leo nawapeleka Toyama, upande wa Bahari ya Japani, ambako milima ya Tateyama yenye zaidi ya mita 3,000 inaitazama ghuba yenye kina kinachopita mita 1,000. Mto Joganji unatoka huko juu na kuingia baharini baada ya kilomita 56 tu. Maji yake hayatiririki, yanaporomoka. Atakaye kuyaelewa majira ya Toyama na ayafuate hayo maji.

Yanaanzia baharini. Sisi watu wa pwani tunaujua upepo wa kaskazi, unaovuma bara la Asia likiwa limepoa. Miezi hiyo hiyo Toyama inapigwa na upepo wa Siberia. Ukipita juu ya bahari yenye mkondo wa uvuguvugu unabeba mvuke, ukigonga milima unaumwaga kuwa theluji. Wavuvi wa Himi wakisikia radi za mwanzo wa baridi hufurahi, maana buri, samaki wa ukoo wa kolekole, anaingia ghubani akiwa amenona. Ukichovya kipande chake kibichi katika mchuzi wa soya, mafuta yanatanda kibakulini.

Aprili ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Kule Murodo, mita 2,450 juu, matingatinga yanaifukua barabara, nawe unatembea kati ya kuta za theluji ambazo miaka mingine hukaribia mita 20. Sogea karibu uzikague. Utaona mistari ya rangi ya udongo: ni vumbi la majangwa ya China na Mongolia, lililoletwa na upepo.

Majira hayo hayo, kabla ya alfajiri, boti zinatoka Namerikawa kuvua ngisi wa urefu wa kidole, wanaopanda kutoka kilindini kuja kutaga. Wavu ukivutwa, maji yote yanawaka buluu, na mwanga mkali zaidi uko kwenye ncha za mikono yao. Bahari hiyo inalindwa kisheria tangu 1922, na mwaka 1952 ikapewa daraja la juu zaidi la ulinzi.

Kiangazi theluji inayeyuka na kunguruma katika bwawa la Kurobe, lenye kimo cha mita 186. Lilikamilika 1963, na wafanyakazi 171 walikufa wakilijenga. Mkifika, simameni kidogo kwenye mnara wao. Vuli, rangi nyekundu inaanzia Murodo mwishoni mwa Septemba, ikashuka hadi mabondeni Novemba.

Maji mengine hupita chini ya ardhi. Mwaka 1930, wachimbaji wa bandari ya Uozu walikuta visiki vya msitu wa kale wa karibu miaka 2,000. Maji baridi ya ardhini ndiyo yaliyovihifadhi visioze.

Kwa mwenye nauli ya safari moja: nenda nusu ya pili ya Aprili, uwapate ngisi na ukuta wa theluji pamoja. Gari binafsi haliruhusiwi kupanda Murodo, kwa hiyo kata tiketi ya basi mapema.