Ukakasi na Utamu: Mhadhara juu ya Kuokota na Kupika Persimoni za Mwituni

Waheshimiwa wasikilizaji, nawashukuru kwa kuja kusikiliza habari za tunda ambalo wengi wenu hamjapata kulionja, na ambalo baadhi ya waliolionja walilitema papo hapo. Nitazungumza juu ya persimoni ya mwituni ya Marekani, tunda la rangi ya machungwa lenye kipenyo cha kati ya sentimita 2 na 5, linaloota lenyewe pembezoni mwa misitu, kwenye mashamba yaliyoachwa na kandokando ya ua za zamani. Sizungumzii persimoni kubwa za dukani, ambazo asili yake ni mashariki ya Asia na ambazo aina zake nyingine huliwa zikiwa ngumu. Hii ya mwituni hailiwi ikiwa ngumu hata kidogo, na sababu yake ndiyo itakayotushughulisha jioni hii tangu chini ya mti hadi jikoni.

Kiswahili kimetupa neno moja linalobeba habari hiyo yote, nalo ni ukakasi. Ukakasi si uchungu, wala si uchachu. Uchungu na uchachu ni ladha, na ulimi unazitambua kama ladha. Ukakasi ni mguso, ni ile hali ya kinywa kukauka ghafla, ulimi kuwa kama uliopakwa chaki, na mashavu kujivuta kwa ndani. Katika nyama ya persimoni mbichi mna chembe maalumu zilizojaa kemikali za mimea ziitwazo tanini, na tanini hizo, zinapoyeyuka katika mate, hushikana na protini zinazokifanya kinywa kiteleze. Protini zikishashikwa, utelezi unaondoka, na mlaji anabaki akijisugua ulimi kwenye kaakaa bila nafuu. Tunda linapoiva, tanini hazitoweki kama watu wengi wanavyodhani. Zinaungana zenyewe kwa zenyewe hadi zinakuwa vipande vikubwa visivyoyeyuka, na kwa kuwa haziyeyuki tena, kinywa hakizihisi. Naomba mliweke jambo hili akilini, kwamba tanini bado zimo ndani ya tunda tamu, zimefungwa tu, kwa maana litatukuta tena mbele ya jiko.

Wageni wa kwanza kutoka Ulaya waliyaona mambo haya mawili, ukakasi na utamu, kwa pamoja. John Smith, mmoja wa viongozi wa makazi ya Waingereza ya Jamestown yaliyoanzishwa mwaka 1607 huko Virginia, aliandika katika maelezo yaliyochapishwa mwaka 1612 kwamba tunda hili lisipoiva huupindisha mdomo wa mtu kwa mateso makubwa, lakini likiiva huwa na utamu wa kulinganishwa na aprikoti. Kabla yake, waliosimulia msafara wa Mhispania Hernando de Soto, uliopita kusini mashariki mwa Marekani ya leo kuanzia mwaka 1539, walitaja mikate ya persimoni iliyokaushwa waliyoikuta kwa wenyeji. Hata jina lenyewe ni la wenyeji: limetoka katika lugha ya Wapowhatan wa Virginia, moja ya lugha za jamii ya Algonquian, na kwa kawaida hufasiriwa kuwa ni tunda lililokaushwa. Mimi naliona jina hilo kuwa ni maelezo ya mapishi, kwa sababu linatuonyesha kwamba waliolitoa walilijua tunda hili kama akiba ya kuwekwa kwa ajili ya miezi ya baridi, zaidi ya kuwa kitu cha kutafunwa njiani.

Mti wenyewe unapatikana kuanzia Connecticut upande wa kaskazini mashariki hadi Florida, na kuelekea magharibi hadi Kansas, Oklahoma na Texas. Wataalamu wanauita Diospyros virginiana, na uko katika jamii moja na miti ya abunusi ya India na Sri Lanka. Hapa sisi wasemaji wa Kiswahili tunahitaji uangalifu, kwa kuwa mpingo wetu, ambao wakati mwingine huitwa kwa jina la abunusi, uko katika jamii ya kunde na hauna udugu wa karibu na mpersimoni. Ubao wa mpersimoni ni mgumu mno, kiasi kwamba kwa miaka mingi ndio uliochongwa vichwa vya fimbo kubwa za gofu, mpaka chuma kilipochukua nafasi yake katika miaka ya 1980.

Anayeutafuta mti huu na autambue kwa gome. Gome la mpersimoni uliokomaa ni jeusi au la kijivu kizito, nalo limepasukapasuka katika vipande vidogo vya pembe nne, mfano wa makaa yaliyopangwa ukutani, na ukishaliona mara moja hutalisahau. Ni alama inayofaa mwaka mzima, hata majani yanapokuwa yamepukutika yote. Kwa kawaida miti dume na miti jike huwa mbalimbali, na ni miti jike inayozaa. Kwa hiyo mtu anaweza kurudi miaka kumi chini ya mti mzuri, wenye afya na kivuli, asiokote hata tunda moja. Wakati mwafaka wa kupeleleza ni ule ambapo majani yameanza kuanguka, kwa sababu matunda hubaki yakining'inia kwenye matawi matupu na huonekana kutoka mbali kama taa ndogo.

Kuna imani iliyoenea sana kwamba persimoni haiivi mpaka ipigwe na jalidi. Imani hiyo naiheshimu kwa sababu imewaepusha watu wengi na matunda mabichi, lakini si kweli. Miti mingine huangusha matunda matamu mwezi Septemba, kabla ya jalidi yoyote, na mingine hushikilia matunda yenye ukakasi hadi Desemba, hata baada ya usiku mwingi wa baridi kali. Kinachoivisha ni muda na asili ya mti, na kila mti una tabia yake. Kwa hiyo mwokotaji mzoefu huijua miti yake mmoja mmoja, upi hutangulia, upi huchelewa, upi una matunda yenye mbegu chache, naye hufuata ratiba ya miti bila kuisubiri hali ya hewa.

Sasa tulitazame tunda moja kwa karibu, kwa sababu hapa ndipo kazi yote inapoamuliwa. Lililo tayari halina uzuri wa sokoni. Ngozi yake imekunjamana na kupoteza mng'ao, rangi ya machungwa imechanganyika na zambarau au hudhurungi, na ukiliweka kiganjani linalala kama kifuko chembamba kilichojaa maji. Juu yake mna kofia ya majani manne magumu. Ishike kofia hiyo kwa vidole viwili na uivute polepole: ikiachia yenyewe, bila kung'oa nyama, tunda liko tayari, iking'ang'ania, liache. Halafu onja kidogo kwa ncha ya ulimi na usubiri. Nasisitiza kusubiri, kwa maana utamu hutangulia na ukakasi hufuata nyuma, na mtu mwenye haraka huamua kabla ukakasi haujafika.

Matunda mazuri zaidi huokotwa chini. Njia iliyo rahisi ni kutandika shuka safi chini ya mti na kulitikisa tawi kwa upole, kisha kuchukua yale tu yaliyoanguka kwa wepesi. Kuyachuma kwa nguvu si busara, ingawa yale yaliyokwisha kupata rangi na kuanza kulainika yanaweza kumalizia kuiva nyumbani yakiwekwa mezani kwa siku kadhaa. Nenda asubuhi na mapema, kwa sababu kulungu, rakuni, mbweha na oposumu wanaupenda mti huu kuliko tunavyoupenda sisi, na nyigu hufika jua linapopanda. Juu ya ardhi ya mtu binafsi, omba ruhusa kwanza. Katika hifadhi za taifa za Marekani kanuni ya jumla inakataza kuchukua mimea, isipokuwa pale msimamizi wa hifadhi husika anapotaja matunda yanayoruhusiwa kuokotwa kwa mkono kwa matumizi ya mtu mwenyewe, na kiasi chake. Basi ulizeni ofisini kabla ya kuinama.

Niseme pia neno moja la afya. Asiile persimoni mbichi mtu yeyote kwa kushindana au kwa kujaribu ujasiri wake. Tanini zinazoyeyuka, zikikutana na asidi ya tumbo, huweza kugandamana pamoja na nyuzi za tunda na kufanya donge gumu ambalo wakati mwingine huwapeleka watu kwa daktari wa upasuaji. Waliowahi kufanyiwa upasuaji wa tumbo wawe na hadhari zaidi.

Tukifika jikoni, kazi ya kwanza ni kutenganisha nyama na mbegu. Tunda moja linaweza kuwa na mbegu sita au zaidi, bapa, za rangi ya kahawia, kubwa kuliko udogo wa tunda unavyostahili, na kila mbegu imevikwa utando wa utelezi usiotaka kuachana nayo. Msitumie mashine ya kusagia, kwa kuwa huzipasua mbegu na kuingiza vipande vyake katika chakula. Chombo kinachofaa ni kinu cha kuzungusha kwa mkono chenye sahani ya matundu, au chujio imara na mgongo wa mwiko. Ondoa kofia zote, osha matunda kwa maji kidogo, yaache yakauke, kisha yasukume taratibu hadi upate rojo laini, zito, la rangi ya machungwa yenye kung'aa. Rojo hilo hukaa vizuri katika friza kwa miezi mingi, na ni vyema kuligawanya katika vikombe viwiliviwili, kwa kuwa mapishi mengi huanza na kipimo hicho.

Sasa turudi kwenye zile tanini zilizofungwa. Mwaka wangu wa kwanza nilitaka kutengeneza jamu. Nilikuwa na sufuria iliyojaa rojo tamu kama asali, nililionja mara tatu, nikaridhika, nikaliweka juu ya moto kwa karibu saa nzima huku nikikoroga. Nilipolionja tena, kinywa kilikauka kana kwamba nimeuma tunda la mwezi Agosti. Sikuelewa nini kimetokea, nikadhani sufuria ndiyo yenye kosa. Nilichojifunza baadaye ni kwamba joto huweza kuzifungua tena sehemu ya tanini zilizokuwa zimeungana, na zikishafunguka zinayeyuka na kuushika ulimi kama mwanzo. Zaidi ya hayo, samaki mmoja akioza, wote wameoza: tunda moja lisiloiva sawasawa, lililopita machoni pako wakati wa kuchambua, linatosha kuharibu sufuria nzima.

Wapishi wa kusini mwa Indiana walilitatua tatizo hili zamani kwa kitu kilichomo katika kila kabati, yaani magadi soda. Magadi hupunguza ukakasi wakati wa kuoka, na papo hapo huigeuza rangi ya machungwa kuwa ya kahawia nzito, karibu nyeusi. Ndiyo sababu pudini ya persimoni ina rangi ile ambayo mgeni huidhania kuwa ya chokoleti. Katika mji wa Mitchell, Indiana, tamasha la persimoni limekuwapo tangu mwaka 1947, na pudini hiyo ndiyo chakula kinachoheshimiwa kuliko vyote.

Mimi huipika hivi. Vikombe viwili vya rojo navipiga pamoja na kikombe kimoja na nusu cha sukari na mayai mawili. Kijiko kimoja kidogo cha magadi soda nakiyeyusha ndani ya kikombe kimoja na nusu cha mtindi, ambao huumuka na kutoa povu, kisha naumimina katika rojo. Baadaye naongeza vikombe viwili vya unga wa ngano, chumvi kidogo, kijiko kidogo cha mdalasini na siagi iliyoyeyushwa, kiasi cha vijiko vinne vikubwa. Mchanganyiko ni mwepesi kuliko wa keki, na hilo lisiwatie wasiwasi. Namimina katika chombo kipana kilichopakwa siagi na kuoka kwa nyuzi joto 165 kwa muda wa saa moja hivi. Pudini itapanda, na ikitolewa itashuka katikati huku kingo zikibaki juu. Kushuka huko si kasoro. Ndiko kunakoifanya iwe nzito na yenye unyevu, na anayetaka keki iliyosimama atakuwa amepika kitu kingine.

Yapo matumizi mengine ambayo nitayataja kwa ufupi tu. Kusini mwa Marekani watu, wakiwamo Waafrika waliokuwa utumwani, walichachusha persimoni pamoja na maji wakapata pombe nyepesi, na wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865, kahawa ilipoadimika, mbegu zilikaangwa na kusagwa badala yake. Mimi binafsi rojo lisilopikwa nalipenda kuliko yote: kijiko kimoja juu ya mtindi baridi, bila moto na bila sukari, pale ambapo ukakasi hauna nafasi ya kuamka.

Mbegu zitakazobaki katika chujio zisitupwe. Wakazi wa maeneo unakoota mti huu huipasua moja kwa upande wake mwembamba na kutazama kiini cheupe kilichomo, wakisema kwamba umbo la kijiko, uma au kisu hutabiri majira ya baridi yajayo, na watoto hulifurahia jambo hilo sana. Zilizobaki zioshwe, zifunikwe na mchanga wenye unyevu, ziwekwe mahali pa baridi kwa miezi miwili au mitatu, ndipo zipandwe moja kwa moja mahali ambapo mti utasimama, kwa sababu mzizi wake mkuu huzama mapema na hauvumilii kuhamishwa. Pandeni kadhaa karibukaribu. Itapita miaka kadhaa kabla ya maua ya kwanza, na hadi siku hiyo hakuna awezaye kuwaambia kama mmepanda dume au jike.