Ukumbi Kwanza, Spika Baadaye

Ahsanteni. Shikamooni wazee wangu, na ninyi wengine habari za mchana. Nimeshapokea vikaratasi vya maswali na vingi vinauliza jambo moja: ninunue spika gani, za wati ngapi, na sabufa ngapi? Nitafika huko, ila mtanivumilia, kwa sababu swali hilo likitangulia ndipo pesa zinapopotea. Nimelisema hili kwa wamiliki wa kumbi, kwa viongozi wa bendi, hata makanisani, na nalirudia leo: mtambo wa kwanza wa muziki ni ukumbi wenyewe. Spika ni wa pili.

Tuchukue ukumbi ambao kila mmoja wenu hapa Dar es Salaam ameshaingia. Urefu mita 30, upana mita 20, dari mita 5. Chini marumaru zinazong'aa, pembeni vioo vya aluminiamu, juu dari laini iliyopakwa rangi. Wanaingia watu mia nne. Umependeza, umegharimu, na picha zake mtandaoni zinavutia. Sasa nenda saa nne asubuhi, viti vikiwa vimepandishwa juu ya meza, mhudumu mmoja anapiga deki. Simama katikati, piga kofi moja kwa nguvu, nyamaza. Kofi linagonga kioo, linarudi, linapanda darini, linashuka, linazunguka. Ukihesabu moja, mbili, tatu kabla halijafa, umeshapata jibu la kwa nini wateja wanaondoka saa sita usiku wakilalamika masikio.

Weka bendi humo. Mpiga dramu anagonga snea, ile ngoma yake yenye mlio mkali, mara mbili kwa sekunde, na kila pigo linaishi sekunde tatu na zaidi. Maana yake pigo jipya linazaliwa huku sita ya nyuma bado yako hewani. Ongeza gitaa tatu, tumba, kinanda, waimbaji wanne. Mtu wa meza ya nyuma anapata irabu tu: aaa, ooo, eee. Konsonanti zote zimezama. Na ninyi mnajua muziki wetu wa dansi unasimama juu ya kisa. Watu wanakuja kusikiliza nani kamtenda nani. Kwenye taarabu ndiyo usiseme, mpasho usiosikika maneno umempasha nani?

Hapo mwenye ukumbi anafanya nini? Anaongeza wati. Hili ndilo linaloniumiza. Kila spika ina umbali fulani ambao ndani yake unasikia spika, na ukiuvuka unasikia kuta. Kwa ukumbi huu niliousema, ukiwa na mvumo, yaani muda ambao sauti inachukua kufa, wa sekunde tatu na nusu, hata spika nzuri inayoelekeza sauti mbele, umbali huo ni kama mita tano. Mita tano! Meza za mbele. Walio nyuma yao wote wanasikiliza jengo. Ukipandisha sauti, spika inapanda na jengo linapanda vilevile, uwiano haubadiliki hata kidogo. Umenunua kelele. Tena wati zenyewe zinadanganya: ukizizidisha mara mbili unapata desibeli 3 tu, desibeli ndiyo kipimo cha ukubwa wa sauti, na ili sikio likubali kwamba sauti imekuwa kubwa maradufu unahitaji karibu mara kumi.

Kuna mtu mmoja nataka mumjue vizuri, kwa sababu shida yenu ilikuwa yake. Aliitwa Wallace Sabine, mwalimu kijana wa fizikia Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani. Mwaka 1895 chuo kilifungua jengo la makumbusho ya sanaa la Fogg, ndani yake mna chumba cha mihadhara, na chumba hicho kilikuwa hakifai. Mhadhiri akisema neno, neno lilivuma sekunde tano na nusu. Wanafunzi hawaelewi kitu. Mkuu wa chuo akamwambia Sabine, shughulikia.

Hakuwa na kompyuta wala maiki ya kupimia. Alikuwa na filimbi ya kinanda cha kanisani, saa, na masikio yake. Alifanya kazi usiku wa manane, mji ukiwa umetulia. Akaenda kwenye ukumbi mwingine wa chuo, Sanders Theatre, akaazima mito ya viti, akaibeba mpaka kwenye chumba kibovu. Anapanga mito kadhaa, anapuliza filimbi, anaikata, anahesabu sauti inachukua muda gani kufa. Anaongeza mito, anapima tena. Asubuhi mito inarudishwa kwao, maana wenyewe wanaihitaji. Usiku unaofuata, tena. Mtu huyu alikuwa makini kiasi kwamba aligundua hata nguo alizovaa zinabadilisha vipimo, akawa anavaa nguo zilezile kila anapopima.

Nawasimulia haya kwa sababu alichokipata ni hesabu ya darasa la saba. Chukua ujazo wa chumba kwa mita za ujazo, zidisha kwa 0.161, gawanya kwa eneo la vitu vinavyomeza sauti. Jibu ni sekunde za mvumo. Basi. Kwa hesabu hiyo aliwashauri wajenzi wa Symphony Hall ya Boston, iliyofunguliwa mwaka 1900, na mpaka leo inahesabiwa miongoni mwa kumbi bora duniani.

Na kipimo chake cha kumeza sauti kilikuwa nini? Dirisha lililo wazi. Sauti ikitoka dirishani hairudi, kwa hiyo mita moja ya mraba ya dirisha wazi ni kumeza kamili. Sasa, wazee wangu, ni jengo gani hapa pwani lililo dirisha tupu pande zote? Banda la makuti. Juu makuti mazito, yamejaa hewa na nyufa, pembeni hakuna ukuta. Ndiyo maana bendi yenye ampilifaya mbili na spika za kawaida ilisikika neno kwa neno chini ya makuti, halafu bendi hiyohiyo ikahamia ukumbi wa kisasa, na mitambo ya kisasa, maneno yakapotea. Watu wakasema waimbaji wa siku hizi hawatamki. Waimbaji wanatamka! Mmewaweka ndani ya birika.

Najua mtu ameshaanza kunijibu moyoni: nikifungua madirisha, NEMC, wale wasimamizi wa mazingira, watakuja. Ni kweli, kanuni za kelele za mwaka 2015 zipo, na majirani wana haki ya kulala. Lakini sijakuambia uubomoe ukuta. Nimekuambia tafuta kinachomeza. Na ukumbi uliomeza mvumo hauhitaji kupigwa kwa sauti kubwa ile, kwa hiyo jirani yako ndiye wa kwanza kufaidika. Anayesumbua mtaa ni yule anayepandisha mitambo ili maneno yasikike, na hayasikiki.

Mwingine anasema, watu wakijaa mvumo unaisha. Unapungua, ndiyo. Mtu mmoja anameza kama nusu mita ya mraba, watu mia nne ni mita mia mbili. Ila Jumatano una watu sitini. Na bado hujagusa besi, maana nguo na miili hazimezi besi. Wimbi la noti ya chini kabisa ya gitaa la besi lina urefu wa mita nane hivi. Zulia halilioni, pazia jepesi halilioni.

Basi tupige hesabu ya ukumbi wetu. Mita za ujazo 3,000. Zidisha 0.161, unapata 483. Mvumo ukiwa sekunde tatu na nusu, maana yake ukumbi unameza mita za mraba 138 tu. Kwa muziki wa spika tunataka uteremke mpaka sekunde moja na kidogo, tuseme 1.2. Hapo unahitaji mita 400. Pungufu ni kama 265. Dari yako ni mita 600. Maana yake ukifunika nusu ya dari kwa pamba ya mawe, ile inayoitwa rockwool, yenye unene wa sentimita kumi, ukaiacha na nafasi ya hewa kwa nyuma ili ishike na besi, ukaivisha kitambaa kinachopitisha hewa, umemaliza kazi. Fundi seremala wa mtaani anaweza kutengeneza fremu hizo. Ukibaki na pesa, vika ukuta wa nyuma unaotazamana na jukwaa, ndio unaorudisha sauti kwa waimbaji na kuwavuruga.

Na hapa nisikilizeni vizuri. Nimesema pamba ya mawe kwa sababu haiwaki. Msibandike godoro ukutani. Msibandike sponji. Mwaka 2003, Rhode Island, Marekani, klabu iitwayo The Station: fataki za jukwaani ziligusa sponji iliyobandikwa ukutani kuzuia sauti, wakafa watu 100. Mwaka 2013, Santa Maria, Brazili, klabu ya Kiss, sababu ileile, watu 242. Wengi waliuawa na moshi. Usumba wa nazi unameza sauti vizuri sana na tunao tele, lakini nao unawaka, kwa hiyo kama haujatiwa dawa ya kuzuia moto na mtu anayeijua kazi hiyo, uache. Na milango ya dharura isifungwe kufuli kwa kuogopa wanaokwepa kiingilio.

Muda unanikimbia, nije kwenye spika. Ukumbi wa dari mita 5 msinunue line array, zile spika nyingi zinazoning'inizwa kwa mstari mmoja wima. Mmeiona kwenye matamasha ya uwanjani mkaipenda, lakini box nne fupi zilizoning'inizwa hazifanyi kazi ile, zinahitaji urefu ambao hamna. Nunueni spika mbili nzuri kila upande, mzitundike juu, mziinamishe kwa watu, zisitazame kioo. Ukumbi ukiwa mrefu, ongezeni mbili ndogo katikati, mzicheleweshe milisekunde 3 kwa kila mita. Sabufa ziwekeni pamoja mbele ya jukwaa, msizitawanye pembeni. Kuhusu wati zilizoandikwa kwenye boksi: soketi ya ampea 13 kwa umeme wa volti 230 haifiki wati 3,000. Mtambo unaosema 10,000 na unachomekwa soketi moja, ulizeni vizuri.

Ethi, ule waya wa usalama unaoshuka ardhini, ipimwe kabla ya maiki kushikwa. Ampilifaya zipate hewa, na kwa walio karibu na bahari, jeki na soketi zisafishwe, chumvi inakula. Fundi mitambo akae katikati ya watu, asifichwe kwenye kona nyuma ya nguzo. Na kipimo cha desibeli kiwe mezani kwake: Shirika la Afya Duniani mwaka 2022 liliweka wastani wa juu wa desibeli 100 kwa kumbi za burudani, na ukumbi uliotibiwa unapendeza hata chini ya hapo.

Nilikuwa niseme habari za monita, spika zinazowatazama wanamuziki jukwaani, na za wapiga gitaa kushindana kupandisha, sitaweza. Ambao bado hamjafunika dari, msiondoke. Njooni hapa mbele na vipimo vyenu, urefu, upana, kimo, tupige hesabu ya kila ukumbi kabla hamjaenda dukani.