Vijeba, mamluki na mtoto anayebaki darasani

NAHODHA: Assalaam aleikum, na habari za huko mliko: Mtwara mjini, Masasi, Newala, Nachingwea, Ruangwa, Lindi, na nyie ndugu zetu wa Dar mnaotusikiliza mkiwa kwenye foleni. Mimi ni Nahodha, jina nililobaki nalo tangu enzi za netiboli shuleni, na niko na mwenzangu Mwalimu, anayefundisha baiolojia sekondari. Leo hatuna mgeni. Mwalimu amekuja na hoja inamchemka.

MWALIMU: Inanichemka kweli, dada. Vijeba na mamluki kwenye michezo ya shule: waliozidi umri, na wasio wanafunzi wanaovalishwa jezi ya shule. Kila UMISSETA, yale mashindano ya michezo ya shule za sekondari, ikipita watu wanahesabu mabao na makombe. Mimi nataka tumzungumzie mwanafunzi aliyeenguliwa ili mtu asiye mwanafunzi aingie.

NAHODHA: Tutamfikia. Kwanza nisimulie ile ya kiganja, uliyonigusia kwenye simu.

MWALIMU: Tulikuwa kwenye mada ya ukuaji. Nikawaambia wanafunzi kila mmoja aweke mkono juu ya dawati, ashike kifundo cha mkono upande wa dole gumba. Nikawaeleza kwamba hapo ndani, mwishoni mwa mfupa, mtoto ana kipande cha gegedu, na hicho ndicho kinachourefusha mfupa. Akishakua, gegedu linageuka mfupa, vinaungana, habari ya kurefuka imekwisha. Ndiyo maana FIFA walianza kupiga picha za MRI, zile za mashine inayoonyesha ndani ya mwili, za vifundo vya mikono kwenye Kombe la Dunia la vijana chini ya miaka 17, Nigeria, mwaka 2009. Mfupa ukionekana umeungana kabisa, wanachukulia kwamba kijana ameshavuka umri.

NAHODHA: Wakakuelewa?

MWALIMU: Sana. Mmoja wa nyuma akanyoosha mkono, akauliza, "Mwalimu, wale waliotufunga wilayani watapimwa lini?" Darasa zima likaangua kicheko. Halafu wakanyamaza wote wakinitazama. Walitaka jibu, Nahodha. Watoto wanajua kila kitu. Wanajua nani ana mke, nani anavua samaki, nani alimaliza kidato cha nne zamani na leo amevalishwa jezi ya shule.

NAHODHA: Lakini hili si la Mtwara peke yake.

MWALIMU: Wala si la Tanzania peke yake. Kule Kamerun, Januari 2023, shirikisho lao chini ya Samuel Eto'o liliamua kuwapima vijana wa chini ya miaka 17 kabla ya mechi za kufuzu. Katika wachezaji 30, 21 hawakupita.

NAHODHA: Ishirini na moja! Timu nzima na akiba.

MWALIMU: Na yeye aliwaondoa, akatafuta wengine, ingawa mechi zilikuwa mlangoni. Nampa heshima yake kwa hilo. Sisi wenyewe Serengeti Boys, timu yetu ya taifa ya chini ya miaka 17, walifuzu kwenda fainali za Afrika Gambia mwaka 2005, wakaondolewa kwa sababu ya mchezaji aliyezidi umri, Zimbabwe wakachukua nafasi yetu. Miaka kumi na mbili baadaye upepo ukageuka. Tulitolewa na Kongo Brazzaville kwa bao la ugenini, tukakata rufaa kuhusu umri wa mchezaji wao mmoja. Akaitwa kupimwa, hakutokea. Kongo wakaondolewa, vijana wetu wakaenda Gabon 2017, wakatoka sare na Mali, wakaifunga Angola.

NAHODHA: Tulishangilia sana mwaka ule.

MWALIMU: Tulishangilia, na haki ilikuwa yetu. Sasa mtu aliyeshangilia sheria ya umri ilipotubeba, anapataje ujasiri wa kuivunja akirudi kwenye kiwanja cha kata?

NAHODHA: Hapo nikusimamishe kidogo, niwatetee wazazi wetu. Huku kwetu ukimuuliza mama tarehe aliyozaliwa mtoto, wengine watakwambia ulikuwa mwaka wa mafuriko, au alitoka jandoni pamoja na mtoto wa fulani. Tarehe iliyoko kwenye rejista ni ile aliyoandika mwalimu wa darasa la kwanza kwa kukisia. Huyo utamwita kijeba?

MWALIMU: Hapana, na nimefurahi umelisema. Mtoto ambaye umri wake haujulikani vizuri hana kosa. Hata kile kipimo cha MRI si msahafu, kwa sababu wapo wanaokomaa mapema, na mimi darasani nawaambia hivyo. Ndiyo maana naheshimu kazi ya RITA, wale wa vyeti vya kuzaliwa, ya kuwasajili watoto wa chini ya miaka mitano huku Lindi na Mtwara, na ile namba ya PREM, ya kumtambulisha mwanafunzi, inayomfuata toka shule ya msingi. Vizazi vinavyokuja watakuwa na karatasi. Ninayemlalamikia mimi ni mtu mzima anayejua ukweli, akakaa mezani na kalamu, akapunguza miaka. Au akachukua jina la mwanafunzi halali, akalivisha mtu mwingine.

NAHODHA: Mtu mzima.

MWALIMU: Siku zote ni mtu mzima! Kuna kisa cha Marekani huwa nawasimulia wanafunzi. Mwaka 2001, kwenye mashindano ya besiboli ya watoto wasiozidi miaka 12, kulikuwa na kijana wa timu ya Bronx, New York, anaitwa Danny Almonte, asili yake Jamhuri ya Dominika. Alikuwa anarusha mpira kwa ustadi wa kutisha. Mechi moja hakuna mpinzani hata mmoja aliyefika kituo cha kwanza. Nchi nzima ikamjua. Baadaye ikapatikana rekodi ya kuzaliwa kwake: 1987, siyo 1989 kama baba yake alivyoandikisha. Alikuwa na miaka 14. Ushindi wote wa timu ukafutwa.

NAHODHA: Na baba?

MWALIMU: Alifungiwa. Lakini kinachoniuma mimi ni kingine. Walipochunguza, ikaonekana huyo mtoto alikuwa New York na hajaandikishwa shule yoyote. Yaani wakubwa walikuwa na muda wa kumtafutia cheti, kumfundisha kurusha, kumpeleka mechi. Kumpeleka darasani, hapana. Lilipolipuka, sura iliyokuwa magazetini ni ya mtoto.

NAHODHA: Sasa tuje kwetu. Yule aliyeenguliwa.

MWALIMU: Kuna shule niliwahi kufundisha, siitaji. Tulikuwa na winga wa kushoto, kijana wa kidato cha tatu, mdogo wa umbo, mtoto wa mvuvi. Njumu alizokuwa nazo ni za kaka yake, kubwa, anajaza matambara mbele kwenye vidole ndipo ziendane na mguu. Alifanya mazoezi kila jioni, hadi msimu wa korosho wenzake walipokuwa mashambani. Orodha ya kwanza jina lake lilikuwemo. Siku ya mechi ya wilaya akapewa kazi ya kubeba maji na kukunja jezi. Nafasi yake akacheza jamaa mmoja wa mtaani, ana ndevu, kwa jina la mwanafunzi.

NAHODHA: Na hakuna aliyeuliza?

MWALIMU: Mwalimu wa upande wa pili aliuliza. Akamwita pembeni ya chaki, akamwambia, "Uko mkondo gani?" Jamaa akajibu, "Kidato cha tatu." Akaulizwa tena, mkondo gani, A au B? Akageuka kumtazama kocha. Ikawa vurugu kidogo, wakubwa wakanong'onezana, mechi ikaendelea. Tulishinda.

NAHODHA: Mkafurahi?

MWALIMU: Shule ilifurahi. Paredi ya Jumatatu tulipigiwa makofi. Kipindi cha tatu nikaingia darasani kwake, nakusanya madaftari, yeye hana. Nikamuuliza mbona hukuleta kazi? Akaniambia kwa adabu kabisa, wala si kwa kiburi: "Mwalimu, si mtaleta mtu wa kunifanyia."

NAHODHA: Ee Mola.

MWALIMU: Nililipeleka ofisini kwa walimu. Nikaambiwa mwalimu wa baiolojia ashughulike na vyura wake. Kijana akaanza utoro, kwanza siku moja moja. Kidato cha nne hakumaliza. Sisemi ni mechi peke yake, nyumbani pia hali ilikuwa ngumu. Lakini mpira ndio uliokuwa unamleta shule, na sisi tuliukata.

NAHODHA: Niseme kama mchezaji. Watu wanadhani mtoto anaumia kwa kukosa kombe. Siyo. Anaumia kwa kukosa ile safari, kulala kwenye madarasa ya shule ya watu, kula wali wa kambi, kuonekana na wanaotafuta vipaji. Mtwara tumepokea mashindano ya taifa mwaka 2019 na tena 2021. Kuna watoto wa hapahapa waliotakiwa kuwa uwanjani siku zile.

MWALIMU: Na ndoto zao si kubwa kupita kiasi. Wanaiona Namungo, timu ya Ruangwa, ilivyopanda Ligi Kuu mwaka 2019 na mwaka uliofuata ikacheza fainali ya Kombe la Shirikisho na Simba. Wanapita nje ya uwanja wa Nangwanda Sijaona, hapa Mtwara, wanasikia kelele. Mtoto anajiambia, kumbe inawezekana ukiwa huku kusini.

NAHODHA: Wewe unaliunganisha hili na mitihani. Kwa nini?

MWALIMU: Kwa sababu ni walimu walewale na wanafunzi walewale. Novemba naingia kusimamia, nawaambia kuangalizia ni kosa, NECTA, baraza la mitihani, wanafuta matokeo. Mwanafunzi aliyeona Juni mtu anacheza kwa jina lake, atanisikiliza kwa sikio gani? Hii nchi imeshaona mwisho wa njia hiyo. Mwaka 2017 uhakiki wa vyeti ulikuta watumishi wa umma 9,932 wenye vyeti vya kughushi. Waliondolewa kazini.

NAHODHA: Na dawa za kuongeza nguvu?

MWALIMU: Hilo lina kipindi chake. Niseme moja tu, la jirani zetu. Ruth Chepng'etich wa Kenya aliweka rekodi ya dunia ya marathoni ya wanawake Chicago, Oktoba 2024, saa 2:09:56. Mwaka uliofuata akafungiwa miaka mitatu kwa dawa ya kupunguza maji mwilini iliyokutwa kwenye sampuli yake ya Machi. Rekodi imebaki kwa kuwa ni ya kabla ya sampuli ile, ila ukiitaja darasani, swali la kwanza la wanafunzi ni kuhusu dawa. Ndiyo maana mimi nawapa Alphonce Simbu. Tokyo, Septemba 2025, bingwa wa dunia wa marathoni, yeye na Mjerumani Amanal Petros wameandikiwa muda mmoja, 2:09:48, wakatenganishwa kwa picha. Kilomita 42, tofauti sehemu tatu za mia za sekunde! Ile niliichora ubaoni.

NAHODHA: Haya, afisa michezo anatusikiliza. Unamwambia nini?

MWALIMU: Orodha ya timu ibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa shule wiki moja kabla ya mechi. Jina, kidato, mkondo, na picha. Basi. Mamluki hawezi kupita mbele ya macho ya watoto mia sita.

NAHODHA: Mwanafunzi gani atathubutu kumwambia mkuu wa shule kwamba huyu si mwenzetu?

MWALIMU: Kwa hofu ya bakora, hakuna. Kwa hiyo malalamiko yasiende kwa mkuu wa shule, yaende kwa afisa elimu au bodi ya shule, kwa maandishi, bila jina. Na shule ikikutwa, adhabu impate aliyesaini fomu. Siku hizi timu ndiyo inayofungiwa, watoto wote wanarudi nyumbani, aliyesaini anahamia shule nyingine na kalamu yake.

NAHODHA: Walimu wa michezo watakasirika.

MWALIMU: Waje. Wana mzigo, nalijua hilo, wanatakiwa walete kombe na mipira hawajanunuliwa. Kipindi kijacho nataka mmoja wao akae hapa, hata kama anapinga kila nilichosema.

NAHODHA: Mmesikia. Tutumieni ujumbe wa sauti kwenye namba yetu ileile ya WhatsApp, na kama uliwahi kuenguliwa kwenye timu ya shule namna hii, wewe ndiye tutakayekusikiliza kwanza. Tukutane wiki ijayo, inshallah.