Likizo ya Mwanafunzi Aliyekosa Nafasi ya Fildi

Walimu wangu, nanyi wanafunzi wa uhasibu, masoko na uongozi wa biashara, habari za mchana.

Leo nataka kusema na wale ambao barua zao za kuomba fildi, yaani mafunzo kwa vitendo kazini, zimerudi na jibu la "nafasi zimejaa", na wale ambao hawakujibiwa kabisa. Mko wengi humu ndani. Mbeya ina wanafunzi wengi kuliko nafasi za kuwapokea: wa vyuo vya Mzumbe, TIA, CBE na MUST, wote barua zao zinatua kwenye meza zile zile, tena kwa wakati mmoja. Ukikosa nafasi hapo usijione huna akili.

Kama kwenu fildi ina alama, usinyamaze. Mwone mwalimu anayekusimamia mapema, umuulize kama biashara ndogo yenye leseni inaweza kukupokea na mwenye nayo akakusainia. Yeye ndiye mwenye neno la mwisho. Atakusikiliza vizuri zaidi sasa kuliko wakati ripoti inadaiwa.

Baada ya hapo, ushauri wangu ni huu: tafuta mfanyabiashara mmoja, umwandikie hesabu zake likizo nzima. Mmoja tu, lakini umjue mpaka ndani.

Chukueni mama anayenunua viazi Umalila au Isyonje na kuviuza Soko la Soweto. Tuseme gunia ananunua shilingi 50,000 na kuuza 70,000. Ukimuuliza faida, atakujibu bila kusita: elfu ishirini. Wewe kaa naye, andika. Gunia tupu na kamba, 2,000. Kubebesha kutoka shambani mpaka barabarani, 3,000. Gari, 6,000. Ushuru, 1,000. Kushusha, 1,000. Gunia limeshafika 63,000, na faida imebaki 7,000. Sasa ameleta magunia 20, gharama yote ni 1,260,000. Mawili yameoza kabla hayajapata mteja. Kumi na nane yaliyobaki akiyauza kwa 70,000 anapata 1,260,000 ile ile. Mama ameamka usiku, amesafiri, amekaa juani, na hajabakiza hata shilingi. Na bado hajaliona hilo, kwa sababu fedha ziko mkononi, ada ya mtoto imetoka humo humo, na kesho anakopa ili aongeze mzigo.

Hizo ni tarakimu za mfano. Za kwake utazipata wewe, na ukizipata utakuwa umejifunza gharama kamili ya bidhaa na upotevu wa mali kwa namna ambayo ubaoni haiingii. Muulize pia uzito. Sheria yetu ya vipimo inataka gunia la mazao lisizidi kilo 100, lakini lumbesa, gunia lililojazwa kupita kipimo, mnaijua. Ukihesabu kwa gunia bila mizani, hesabu yako yote imejengwa juu ya kitu usichokijua. Andika kilo.

Daftari hilo lina faida nyingine ambayo wafanyabiashara wengi hawajaambiwa. Viwango vya kodi vilivyowekwa mwaka 2019 kwa wafanyabiashara wadogo vilimtaka mwenye mauzo kati ya milioni 4 na milioni 7 kwa mwaka alipe 100,000 kama hana kumbukumbu za mauzo. Mwenye kumbukumbu alilipa asilimia 3 ya kile kilichozidi milioni 4. Mwenye mauzo ya milioni 5, basi, alilipa 30,000 badala ya 100,000. Viwango hubadilika, kwa hiyo pita ofisi ya Mamlaka ya Mapato, TRA, upate vya mwaka huu kabla hujamshauri mtu. Lakini mnaona wenyewe: shilingi 70,000 zilikuwa zinapotea kwa kukosa daftari.

Kumpata mfanyabiashara huyo ndiko kugumu. Ukitokea na kalamu unauliza mauzo, atadhani umetumwa na watu wa kodi, na ana haki ya kudhani hivyo. Usiende peke yako mara ya kwanza. Nenda na mtu anayemjua: shangazi yako, jirani, mwenzake wa kikoba, kikundi cha kuweka na kukopa. Usiende alfajiri mzigo unaposhushwa, nenda alasiri wateja wakipungua. "Shikamoo mama. Mimi ni mwanafunzi wa uhasibu, niko likizo. Naomba nikuandikie hesabu zako nijifunze, sitaki malipo, na daftari litabaki kwako." Siku za mwanzo andika mauzo tu. Mtaji usiuulize, atausema mwenyewe akishakuzoea. Na siri zake ziwe zake. Ukiandika ripoti, jina lake lisionekane mpaka aridhie.

Mnaorudi nyumbani, kila mahali pana la kwake. Wa Mafinga mna mbao. Wa Njombe mna parachichi. Wa Kyela mna kakao na mnada wa stakabadhi ghalani, yaani mazao yanakusanywa ghalani kisha yanauzwa kwa mnada, na mkulima anataka kuelewa kwa nini alichopokea ni kidogo kuliko bei iliyotangazwa. Hayo makato mstari kwa mstari ni kazi ya mhasibu kabisa. Wa Tunduma mmepata somo ambalo wengine hatuna: mtu anauza ng'ambo ya mpaka, Zambia, kwa kwacha na kununua kwa shilingi, na faida inaweza kuliwa na kubadilisha fedha tu.

Kozi za mtandaoni someni, Excel jifunzeni, sina la kuongeza hapo. Ila usizisome badala ya kwenda sokoni. Zisome usiku, ukiwa na tarakimu za mchana za kuingiza.

Likizo ikiisha uwe na kurasa tatu au nne: biashara ilikuwaje ulipoikuta, uliandika nini, nini kilionekana, mwenye biashara alibadilisha nini. Kama hakubadilisha kitu, andika hivyo pia na sababu yake. Kurasa hizo zipeleke pamoja na barua yako ya maombi mwakani, na umwombe mama huyo ruhusa ya kuandika namba yake kama mdhamini wako. Mwajiri akimpigia, atajibiwa na mtu aliyekuona ukifanya kazi.

Sasa nawasikiliza, ulizeni.